Ukingo wa Dari: Mkristo, Silaha na Sheria



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo lililotufikia kwa barua. Wapo watoto wa mtaa huu, waliobatizwa na kuwekewa mikono mbele yetu, ambao leo wanaishi Marekani, na mmoja wao yuko katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, ambako wapo wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi kama wakimbizi. Ametuuliza hivi: Je, Mkristo aweza kuweka bunduki nyumbani mwake? Na serikali ya jimbo inapoweka masharti mazito juu ya silaha, je, inamwonea mtu wa Mungu, au inamsaidia?

Swali hili si la mchezo. Tarehe 14 Mei 2022, siku ya Jumamosi, kijana wa miaka 18 alifika kwenye duka moja la vyakula katika mji huo huo wa Buffalo akaua watu 10, wote Weusi, kwa ajili ya rangi yao tu. Mmoja wao alikuwa shemasi wa kanisa la jirani, ambaye alizoea kuwapeleka watu nyumbani na mizigo yao. Mlinzi wa duka, askari polisi mstaafu, alimpiga muuaji risasi. Lakini muuaji alikuwa amevaa vazi la kuzuia risasi, na mlinzi yule naye akauawa. Mtu aishiye katika mji wa namna hiyo, mwenye mke na watoto, na mwenye ngozi kama yetu, akiuliza juu ya bunduki, hatuna haki ya kumcheka wala kumkemea. Yatupasa kumjibu.

Kwanza na tuielewe sheria yenyewe, maana wengi hubishana juu yake bila kuijua. Katika Katiba ya Marekani imo Nyongeza ya Pili, iliyothibitishwa mwaka 1791, ambayo inakataza kuivunja haki ya wananchi ya kuwa na silaha. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki hiyo ni ya kila mtu, ili aweze kujilinda nyumbani mwake. Lakini mahakama hiyo hiyo ikasema kwamba haki hiyo ina mipaka, na kwamba serikali yaweza kukataza silaha mahali kama shuleni na katika majengo ya serikali. Chini ya Katiba hiyo kila jimbo lina sheria zake. Yapo majimbo ambayo mtu hubeba bastola njiani bila kuomba kibali kwa mtu yeyote. New York si hivyo. Tangu mwaka 1911 sheria ya jimbo hilo inataka kila mwenye bastola awe na leseni, hata kama ataiweka nyumbani tu. Aliyetaka kuibeba hadharani alitakiwa aonyeshe sababu ya pekee, na wengi walikataliwa.

Mwezi wa Juni 2022, wiki chache baada ya msiba wa Buffalo, Mahakama ya Juu ililiondoa sharti hilo la sababu ya pekee. Bunge la jimbo halikukaa kimya. Upesi likatunga sheria nyingine: anayetaka kubeba bastola ahudhurie mafunzo ya saa 16 darasani na saa 2 za kupiga shabaha, na alete majina ya watu wanne wa kuishuhudia tabia yake. Ikawekwa pia orodha ndefu ya mahali ambapo silaha isiingie, na ndani ya orodha hiyo zikawamo nyumba za ibada. Hapo ndipo kelele zilipoingia kanisani. Wachungaji kadha wakaenda mahakamani wakisema kwamba serikali haina ruhusa ya kuwaamulia jinsi ya kulilinda kundi lao. Hakimu mmoja wa Buffalo akaizuia sehemu hiyo ya sheria, na mwaka 2023 Bunge la jimbo likaibadili, ili wale waliopewa kazi ya ulinzi katika nyumba ya ibada waruhusiwe.

Basi Wakristo wakagawanyika, na twaona watu wa pande zote mbili wameshika Biblia mkononi.

Wa upande wa kwanza hufungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa 13. Humo twasoma kwamba Wafilisti waliwanyima Waisraeli wahunzi, wasije wakajifanyia panga na mikuki. Hata mtu aliyetaka kunoa jembe au shoka lake ilimlazimu kushuka kwa adui zake. Siku ya vita ilipofika, katika jeshi lote wenye silaha walikuwa Sauli na mwanawe Yonathani tu. Kwa hiyo husema: Mtawala awanyang'anyaye watu silaha ni Mfilisti.

Hatuwezi kuidharau hoja hii. Twajua katika historia ya mataifa kwamba watawala waonevu hupenda watu wasio na kitu mkononi. Lakini na tuisome sura hiyo vizuri. Mfilisti alikuwa mgeni aliyetawala kwa nguvu, na amri yake ilikuwa ya taifa moja dhidi ya taifa jingine. Sheria ambayo wananchi wenyewe wameitunga kwa wabunge waliowachagua, inayoweza kupelekwa mahakamani na kusahihishwa, kama tulivyoona ikisahihishwa, si amri ya Mfilisti. Yaweza kuwa na makosa. Walakini kuwa na makosa si sawa na kuwa adui.

Wa upande wa pili hukumbuka bustani ya Gethsemane. Petro alichomoa upanga akamkata sikio mtumishi wa Kuhani Mkuu. Bwana akamwamuru aurudishe mahali pake, akamponya yule aliyejeruhiwa. Na hao wa kwanza hujibu kwamba usiku ule ule Bwana aliwaambia wanafunzi wake kwamba asiye na upanga auze joho lake anunue, kama ilivyoandikwa katika Luka mlango wa 22. Ndiyo, imeandikwa. Lakini wanafunzi walipomwonyesha panga mbili, alisema yatosha. Panga mbili kwa watu kumi na mmoja, dhidi ya kundi zima la askari! Ni wazi kwamba hakuwa akipanga vita. Hata hivyo hakuwauliza walizipata wapi, wala hakuwafukuza wenye kuzichukua. Kwa hiyo hatuthubutu kusema kwamba kila Mkristo mwenye silaha nyumbani ametenda dhambi. Wala hatuthubutu kusema kwamba Bwana amempa kila Mkristo amri ya kujinunulia.

Sisi twaona kwamba jibu la swali letu liko mahali pengine, katika mstari mmoja ambao wengi huupita bila kusimama. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mstari wa 8, Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aifanyie dari yake ukuta mdogo wa kuizunguka, ili mtu asije akaanguka kutoka juu, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile.

Nyumba za Wayahudi zilikuwa na dari tambarare, mahali pa kukaa wakati wa jioni, kuanika nafaka na kupokea wageni. Wazee wetu wa Ugogo waliojenga tembe wanajua habari hiyo. Juu ya tembe ndipo mtama ulipoanikwa. Dari ile ilikuwa mali halali ya mwenyewe. Hakuna aliyesema kwamba ni dhambi kuwa na dari. Lakini Mungu alimwambia: Kwa kuwa kitu hiki ni chako, na kwa kuwa chaweza kuua, wewe utaulizwa. Tena hakumwambia angoje mtu aanguke kwanza. Alimwamuru ajenge ukingo siku ile ile ajengapo nyumba.

Fundisho ni lile lile katika Kutoka mlango wa 21. Ng'ombe ambaye hakujulikana kuwa na desturi ya kupiga kwa pembe, akimwua mtu, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe alizoea kupiga, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, basi hatia ya damu ni yake. Na katika mlango wa 22, mwizi avunjaye nyumba usiku akipigwa akafa, aliyempiga hana hatia. Bali jua likiwa limekwisha kuchomoza, anayo hatia. Angalieni jinsi torati inavyopima! Yampa mtu haki ya kuilinda nyumba yake gizani, asipoweza kujua aliyeingia ni nani na ametaka nini; lakini haimpi ruhusa ya kuua kwa ajili ya kuku au redio mchana kweupe. Hata mwizi ana damu ambayo Mungu ataiuliza.

Basi tukiulizwa kama sheria yenye masharti juu ya silaha inapingana na Mungu, twajibu kwamba Mungu mwenyewe ndiye wa kwanza kuweka masharti juu ya mali iwezayo kuua. Leseni, mafunzo, ushuhuda wa majirani, kufuli la sanduku: hivi vyote ni ukingo wa dari. Mkristo hana sababu ya kuuchukia ukingo. Kama serikali isingeuagiza, ingempasa aujenge mwenyewe.

Hata hivyo tusiseme kwamba ukingo huzuia kila mtu kuanguka. Yule muuaji wa Buffalo alinunua bunduki yake dukani, kwa kufuata sheria, katika jimbo hilo hilo lenye masharti mazito. Kisha akaigeuza ili ichukue risasi nyingi kuliko zilivyoruhusiwa. Jimbo lilikuwa na sheria, tangu mwaka 2019, ya kumwezesha hakimu kumwondolea silaha mtu anayeonekana kuwa hatari. Kijana yule alikuwa ametamka vitisho akiwa shuleni mwaka mmoja kabla, akapelekwa kupimwa akili. Lakini hakuna aliyekwenda kwa hakimu. Sheria ilikuwapo, mtu wa kuitumia hakuwapo. Na bunduki nyingi zinazotumika kwa uhalifu katika New York hutoka majimbo mengine yenye masharti mepesi. Huko ni kujenga ukingo upande mmoja wa dari na kuziacha pande nyingine wazi.

Tena na tuseme bila kuficha kwamba sheria njema yaweza kutumiwa vibaya. Hapo zamani, sheria ile ya 1911 ilipoanza, wahamiaji wa Kiitalia walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonja ukali wake. Na mwaka 2021 mawakili wanaowatetea maskini wa New York waliiambia Mahakama ya Juu kwamba waliokuwa wakifungwa kwa kosa la kukosa leseni walikuwa hasa watu Weusi na wenye asili ya nchi za Kilatini, hali watu wenye fedha na wenye kujuana na wakubwa walipata leseni zao. Mtume Yakobo katika mlango wa pili anatuonya tusimpendelee mwenye pete ya dhahabu na kumketisha maskini chini. Ukingo uliojengwa ili tajiri apite na maskini azuiwe si ukingo wa Kumbukumbu la Torati. Kwa hiyo Mkristo hutii sheria, na wakati huo huo huidai haki ndani ya sheria hiyo. Mambo haya mawili hayapingani.

Sasa tuje kwenye nyumba za ibada, maana hapo ndipo mioyo inapouma zaidi. Tarehe 29 Desemba 2019, katika kanisa moja la White Settlement, jimbo la Texas, mtu alisimama katikati ya ibada akaua waumini wawili. Mmoja wa walinzi wa kujitolea wa kanisa akampiga risasi, na mambo yote yakaisha kwa muda wa sekunde sita hivi. Bila shaka wengine waliokolewa. Hatuwezi kumwita mlinzi yule mwuaji.

Lakini kumbukeni pia jioni ya tarehe 17 Juni 2015, huko Charleston, South Carolina. Kijana alikaribishwa katika funzo la Biblia, akaketi na watu kwa muda wa saa moja hivi, kisha akaua watu tisa. Bastola yake hakupaswa kuuziwa. Lakini uchunguzi wa habari zake haukumalizika katika siku tatu za kazi, na sheria iliruhusu duka kuuza siku hizo zikipita. Ukingo ulikuwa na pengo, na kwenye pengo hilo watu tisa walianguka. Siku mbili baadaye, baadhi ya jamaa za waliouawa walisimama mbele ya hakimu wakamwambia kijana yule kwamba wanamsamehe.

Na sisi Waanglikana tunao msiba wetu wenyewe. Tarehe 16 Juni 2022, katika kanisa la Mtakatifu Stefano huko Vestavia Hills, Alabama, kanisa la ushirika wetu, wazee walikuwa wamekutana kula chakula cha jioni pamoja. Mtu mmoja aliyekaa kati yao akatoa bastola, na wazee watatu wakafa. Aliyemzuia hakuwa na silaha yoyote. Alikuwa mzee mwenzao aliyeinua kiti akampiga nacho, akamshika mpaka polisi walipofika.

Twaandika habari hizi tatu pamoja ili mtu asichukue moja tu na kuifanya fundisho. Mara moja bastola ya mlinzi ilisaidia. Mara moja uchunguzi wa serikali ungesaidia, kama ungefanywa mpaka mwisho. Mara moja kiti kilisaidia. Mwimbaji wa Zaburi ya 127 anatukumbusha kwamba Bwana asipoulinda mji, yeye akeshaye anakesha bure. Hakusema mlinzi asikeshe. Amesema mlinzi asijidhanie kuwa yeye ndiye Bwana.

Lipo jambo moja zaidi, na kwa kweli ndilo lililotusukuma kuandika. Ndugu yetu anaogopa mtu wa nje. Lakini hesabu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba mwaka 2022 watu wapatao 48,000 walikufa kwa bunduki, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua wenyewe. Yaani, zaidi ya nusu! Mtu amenunua silaha kwa ajili ya mwizi, na mwizi hakuja kamwe. Aliyekuja ni huzuni ya usiku mmoja, ya baba aliyepoteza kazi, au ya kijana aliyekataliwa, naye akaikuta silaha tayari. Wengine ni watoto wadogo waliofungua droo wakidhani ni kitu cha kuchezea. Ugeni una upweke wake, na wakimbizi wamebeba mambo mazito mioyoni. Kabla mtu hajauliza kama bunduki itamzuia adui asiingie, na ajiulize ni nani aliyekwisha kuwamo ndani.

Basi kwa ndugu yetu, na kwa wote walio katika hali yake, shauri letu ni hili.

Kwanza, usiguse silaha yoyote kabla ya kujua sheria inavyosema juu yako wewe. Sheria ya Marekani kwa kawaida haimruhusu aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi kuwa na bunduki, ijapokuwa machache yameachwa. Na kosa dogo la karatasi laweza kumrudisha mgeni alikotoka na kuivunja jamaa yake. Muulize mwanasheria, usimwulize rafiki wa kazini.

Pili, ukiweza kuishi bila silaha, ishi bila silaha, wala usione haya. Funga milango vizuri, jua majirani zako, uwe na simu ya polisi na ya wazee wa kanisa.

Tatu, ikiwa baada ya kuomba na kushauriana na mkeo umeona huna budi, fuata sheria yote hadi nukta ya mwisho, hata ile inayokuchosha. Sheria ya New York yataka silaha ifungiwe katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 18. Wewe ifungie hata kama mtoto hayupo. Na siku utakapoona moyo wako umekuwa mzito, mpelekee ufunguo mtu mwingine. Hilo si udhaifu, ndugu yetu, ni ukingo.

Nne, ukimwona mtu anatamka maneno ya kuua au ya kujiua, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mchochezi. Kaini aliuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Jibu twalijua.

Nasi tulio huku nyumbani tusidhani kwamba barua hii ni ya wengine. Wachache kati yetu wana bunduki. Lakini nani hana kitu kiwezacho kuua? Dawa ya kunyunyizia mimea iliyotiwa katika chupa ya soda, kisima kisichofunikwa, pikipiki isiyo na breki, panga lililoachwa chini ya mlango ulevi ukiwa ndani ya nyumba. Hizi ndizo dari zetu. Jioni ya leo kila mmoja wetu na aizunguke nyumba yake, atazame ni wapi mtu aweza kuanguka, na ajenge ukingo kabla ya kulala.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, mlinzi wa roho zetu, uwahurumie waliofiwa huko Buffalo, Charleston na Vestavia Hills, na wote waliopoteza wapenzi wao kwa silaha. Uwape watunga sheria hekima na haki, na mahakimu mioyo isiyopendelea watu. Uwaondolee hofu watoto wetu walio ugenini, na uwape majirani wema. Utufundishe sisi sote kuilinda damu ya wenzetu kama tulindavyo mali yetu, mpaka siku ile Mwanao atakaporudi, ambapo hatutahitaji tena kufunga milango. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.